Habari ya kweli nayo ni chombo cha sekirite

Mu mugodi hakuna mutu anaingia kazi bila kofia, viatu vya kazi na miwani. Mu 2020, corona ilipoingia, walituongezea vyombo vingine: cache-nez, ndoo ya mai na sabuni ku mulango, na kile kimashine cha kupima joto ku paji la uso. Ni vizuri, tunashukuru. Lakini kuko chombo kimoja chenye hakigawiwe ku kazi, na mu nyumba zetu pia kinakosekana: habari ya kweli, yenye kusemwa kwa wakati wake. Tunaandika leo juu ya chombo kile. Sababu wakati corona iliingia, watu wa mugodi na jamaa zao waliteswa na magonjwa mbili. Moja iko na kipimo ku laboratware. Ingine ni mawazo, na ile hakuna mwenye kuipima.

Tukumbuke namna mambo ilianza. Mugonjwa wa kwanza alijulikana Kinshasa tarehe 10 ya mwezi wa tatu wa 2020. Tarehe 18, Prezida Félix Tshisekedi alitangaza kama masomo, kanisa, baa na mikutano ya watu wenye kupita 20 inasimama. Tarehe 24 akaweka état d'urgence, na Kinshasa ikatengwa na majimbo zingine. Mwanzo ilikuwa ya siku 30. Kisha ikaongezwa siku 15, tena siku 15, tena siku 15. Katikati ya mwezi wa saba wa 2020, wagonjwa zaidi ya 8,000 walikuwa wamekwisha kuhesabiwa mu inchi, wengi wao kule Kinshasa. Na mutu akiuliza: "Itaisha siku gani?", jibu ilikuwa ile ile: tungoje.

Hapa kwetu, Haut-Katanga na Lualaba, kuko jambo lenye watu wa sehemu zingine hawakuona. Toka mwisho wa mwezi wa tatu, kampuni mingi za shaba na cobalt ziliamua kazi isisimame, na juu ya kuzuia ugonjwa usiingie, wafanyakazi wabaki ndani ya site. Kulala kule, kula kule, kazi kule. Wengi walifikiri ni jambo la siku kidogo. Ilikuwa miezi mbili, na kwa wengine zaidi. Wafanyakazi wengi walieleza kama waliambiwa wazi: "Ubaki ndani, ao uache kazi." Mu mwezi wa sita mashirika ya haki za watu yakapaza sauti. Mu kampuni zingine watu waliongezewa prime, mu zingine wakaanza kutoka kwa zamu. Lakini kile chenye kiliingia mu kichwa cha mutu mu miezi ile hakikutoka na yeye ku mulango wa site.

Sisi hatusemi kama kufungia watu ndani ilikuwa mubaya yote. Tutarudilia neno hili. Tunasema kama wale wenye kufungiwa, na wale wenye kubaki ku nyumba, waliachwa gizani, na giza ile ndiyo inaua usingizi.

Mawazo si ulegevu, tena si bulozi

Kwetu, mwanaume akisema "niko na mawazo", watu wanacheka kidogo, kisha wanamuambia: "Vumilia, uko mwanaume." Mwanamuke akisema vile, wanamuambia aombe Mungu. Kuvumilia ni vizuri, kuomba nako ni vizuri. Lakini tujue kwanza mawazo inafanya nini mu mwili.

Kila mutu wa mugodi anajua sireni yenye kulia mbele ya kulipua mawe. Ikilia, unaacha kila kitu, unatoka mu eneo, moyo unapiga, macho yanafunguka. Mwili wa mutu nao uko na sireni yake, na woga ndio wenye kuilialisha. Damu inakimbia, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, usingizi unaenda. Ni kazi ya kuokoa maisha, Mungu aliumba mwili vile. Sireni ile ikilia dakika kumi, hakuna shida. Ikilia usiku na muchana mu miezi mitatu, mwili unachoka. Kichwa kinauma, tumbo inavurugika, mutu anaamuka saa nane ya usiku na haweze kulala tena. Anakasirika juu ya kitu kidogo. Anasahau. Chakula hakina utamu. Wengine wanaanza kunywa kupita kipimo, wengine wananyamaza siku nzima.

Mutu vile hajalogwa. Si mulegevu tena. Mwili wake unafanya kazi yake mu hali yenye haina mwisho. Na hapa ndipo shida inakuwa ya watu wote: mutu asiyelala siku tatu, wanamupa usukani wa gari ya tani 100, ao wanamutuma kushika nyaya za umeme. Kipimo cha joto ku mulango kitasema 36 na nusu, aingie. Lakini akili yake iko ku nyumba, kwa mutoto mwenye homa. Hatari ile haionekane ku kile kimashine, na inaweza kuua yeye pamoja na wenzake.

Woga unatoka wapi

Watu wakubwa walifikiri tuliogopa kirusi tu. Tukisikiliza watu vizuri, tunaona kama ule woga uko na mizizi mitatu, na kirusi ni muzizi mumoja tu.

Muzizi wa kwanza ni kutojua mwisho. Mutu anaweza kubeba muzigo muzito kama anajua atautua wapi. Wakimuambia wiki mbili, atahesabu siku 14. Wakimuambia "tutaona", hawezi kuhesabu kitu. Mama ku nyumba naye hawezi. Watoto wanauliza: "Papa iko wapi? Atakuya lini?" na yeye anabuni jibu, kesho anabuni ingine, mwisho watoto hawamuamini tena.

Muzizi wa pili ni feza. Hapa Katanga tuko na kumbukumbu. Mwisho wa 2008, bei ya shaba ilianguka, kampuni mingi zikafunga na watu kwa maelfu wakapoteza kazi. Mwisho wa 2019, mugodi mumoja mukubwa karibu na Kolwezi ulisimamisha kuchimba. Mu mwezi wa tatu wa 2020, tena tuliona bei ya shaba inashuka chini ya dola 5,000 kwa tani. Katikati ya 2020 ilikuwa imepanda tena kupita 6,000, lakini wakati ilikuwa chini, nani alikuja kuwaeleza wafanyakazi? Watu walijua kama bei imeanguka, hawakujua kama kazi yao itabaki. Na wale wanaoandikwa na kampuni za sous-traitance ndio wanakuwa na woga zaidi, sababu wanajua kama watu wakipunguzwa, ni wao wa kwanza. Ku nyumba, bunga ilipanda, makala ilipanda, na mwenye nyumba hakungoja corona iishe.

Muzizi wa tatu ni uvumi. Mahali habari ya kweli haifike, radio trottoir inafika mbio. Tulisikia yote: "Corona ni ya bazungu na bakubwa." "Jua ya kwetu inaiua." "Ukikunywa lutuku, haikushike." "Wakikupima ndiyo wanakutia ugonjwa." Hakuna hata moja ya kweli. Jua ya Katanga haizuie ugonjwa huu. Lutuku haiue kirusi mu mwili. Inachoma tumbo, inaharibu ini na inapunguza nguvu ya mwili ya kujikinga. Kipimo kinachukua kamasi ya ndani ya pua, hakitie kitu.

Uvumi si muchezo. Kule Nord-Kivu na Ituri, Ebola ilitangazwa kama imeisha tarehe 25 ya mwezi wa sita wa 2020, nyuma ya karibu miaka mbili na watu zaidi ya 2,200 wenye kufa. Kule, uvumi ulifanya watu wengine washambulie vituo vya matunzo na waganga wenyewe. Wagonjwa waliogopa kituo kuliko ugonjwa, wakajificha mu nyumba, wakaambukiza wale wenye waliwapenda zaidi. Ndugu zetu wa kule walilipa bei ile. Sisi tujifunze bila kuilipa.

Wazee walikwisha kuona hii

Wale wenye kufikiri kama mufanyakazi ni mikono tu, wasome historia ya kambi zetu. Mu miaka ya mwanzo, Union Minière ilileta wanaume peke yao, kutoka mbali, kwa kontrati ya miezi kidogo. Walilala wengi pamoja, wakagonjwa, wengi wakakufa, wengine wakakimbia. Kuelekea 1928, kampuni ikageuza njia. Ikaanza kuandika kontrati za miaka tatu, na ikataka wanaume waishi mu kambi pamoja na bibi na watoto wao. Posho ikahesabiwa kwa jamaa nzima, hospitali na masomo vikajengwa. Hapo ndipo wengi wetu tulitoka, sisi watoto na wajukuu wa kambi.

Wakoloni hawakufanya vile juu ya mapendo. Walihesabu faida, wakaona kama mutu mwenye kutengwa na jamaa yake hadumu ku kazi, anagonjwa, anaenda. Kama wale, wenye hawakutupenda, walielewa neno lile miaka zaidi ya 90 iliyopita, ni haya kama mu 2020 tulifungia watu mbali na jamaa na tukashangaa juu ya hasira yao.

Kampuni zifanye nini

Tulisema tutarudilia. Kampuni zilisema: kama mugonjwa mumoja anaingia mu site, mugodi mzima unaweza kusimama, na mugodi ukisimama, mushahara unasimama. Ni kweli. Majimbo yetu mbili zinakula ku shaba na cobalt. Soko, teksi, masomo, vyote vinategemea mugodi. Hatuombe watu waingie na watoke ovyo. Kujikinga ni lazima.

Walisema tena: tukiwaambia wafanyakazi kila kitu, wataogopa na watakimbia. Hapo tunakataa. Wafanyakazi wetu wanashuka mu mashimo, wanashika asidi na dinamiti. Wanajua hatari, walizoea kuishi nayo, sababu kila asubui ku mukutano wa sekirite wanaelezwa hatari ya siku ile iko wapi. Hakuna shefu anasema: "Tusiwaambie kama ukuta ule unaweza kuanguka, wataogopa." Kwa nini basi ugonjwa ufichwe? Wahenga walisema, mwenye kuficha ugonjwa, kilio ndicho kitamutoa wazi.

Tunaomba mambo matano, na hakuna hata moja yenye kuomba feza mingi.

Kwanza, tarehe. Kama watu wanapaswa kubaki ndani, waambiwe ni siku ngapi, na nani atawapokea siku ile. Kama tarehe inabadilika, waambiwe mbele ifike, na sababu yake.

Pili, telefone. Kila mutu apate nafasi ya kuzungumuza na jamaa yake kila siku, mahali penye rezo, bila kusimama mu mulolongo saa mbili nyuma ya kazi ya saa 12. Na ku nyumba wapewe namba ya mutu wa kampuni mwenye kujibu, kama mutoto anagonjwa ao kama kuna kilio.

Tatu, feza iandikwe. Prime ya kubaki ndani ni ngapi, italipwa tarehe gani, na wale wa sous-traitance wako ndani ao hapana. Karatasi moja ku ukuta inaondoa mabishano mingi.

Ine, habari ya ugonjwa mu site. Wangapi wamepimwa, wangapi wamepatikana nayo, wako wapi, wanaendelea namna gani. Bila majina, sababu mugonjwa iko na heshima yake. Delege wa sendika wapate habari ile ya kwanza, kisha waieleze mu Kiswahili, si mu karatasi ya Kifaransa yenye watu kidogo tu wanasoma.

Tano, mutu wa kusikiliza. Kila site iko na infirmerie. Muuguzi mumoja afundishwe kuuliza mutu: "Unalala? Unakula? Mu nyumba kuko salama?" Na mutu akijibu kweli, isiandikwe kama sababu ya kumufukuza. Kama kusema "silale" kunapoteza kazi, hakuna mutu atasema, na tutajua tu siku ya aksida.

Na sisi ku nyumba?

Haitoshe kuomba wakubwa. Kimya iko pia mu nyumba zetu. Mama anaficha kama bunga imeisha, sababu hataki kumuongezea bwana mawazo. Bwana anaficha kama alikuwa na homa siku mbili, sababu hataki bibi alie. Kila mumoja anafikiri anamukinga mwenzake. Lakini bibi anasikia ku sauti kama kuko kitu, na mu usiku anakijaza yeye mwenyewe, tena anakijaza na kitu kibaya kuliko kweli yenyewe.

Tuambiane kweli, lakini kwa namna. Mukiongea ku telefone, anzeni na habari za watu: nani alikula, nani alikohoa, nani alicheka. Kisha museme shida moja, na muamue pamoja kitu kimoja cha kufanya mbele ya kesho. Shida kumi mu simu moja, na karte inakatika katikati, ni kutesana. Na tusimalize bila kusema saa ya simu ya kesho. Saa ile, ikijulikana, ni dawa.

Juu ya feza, tuandike. Chukueni kahiye ya mutoto, muandike chenye kiko, chenye kitaingia, na chenye hakingoje: chakula, dawa, nyumba. Deni yenye kuandikwa mutu anaweza kuitazama ku macho. Yenye iko mu kichwa tu, inazunguka usiku muzima. Tuogope banque Lambert. Yule mwenye kukopesha leo na kuomba karibu mara mbili ku mwisho wa mwezi, anakununulia usingizi wa siku moja na anakuuzia mawazo ya mwaka. Kama muko na likelemba, musiivunje juu ya corona. Mupunguze kiasi, mubadilishane zamu, mwenye shida kubwa apokee mbele.

Juu ya habari, tusisikilize kutoka asubui mpaka usiku. Mara mbili ku siku inatosha, ku redio ya kuaminika ao ku mutu wa zone de santé. Ile sauti yenye kutumwa ku telefone bila jina la mutu, "munganga mumoja wa Ulaya anasema...", usiitume kwa mwengine. Ikufie mukononi.

Watoto nao wanasikia. Mu 2020 masomo ilifungwa toka mwezi wa tatu, walikuwa ku nyumba, waliona nyuso zetu. Usimufukuze mutoto mwenye kuuliza. Umueleze kwa maneno kidogo: kuko ugonjwa, unapita mu kikohozi na mu mikono, ndiyo maana tunanawa, ndiyo maana papa analala ku kazi. Kisha umupe kazi yake: kuchunga ndoo ya mai na sabuni, kusomea mudogo wake ukurasa moja. Mutoto mwenye kazi anaogopa kidogo. Mukubwa pia ni vile. Siku yenye iko na saa ya kuamuka, saa ya kufagia, saa ya kula na saa ya kulala inashikilia mutu. Ile yenye haina mupango inamuachilia.

Na ninyi wenye muko ndani ya site: musikae peke yenu na telefone mu kitanda. Mutembee kidogo nyuma ya kazi, mucheze karata, muimbe kama munaimbaka. Mukiona mwenzenu haongee tena, hakule, anakunywa, musimuchekelee. Mukae karibu yake, kila mumoja na cache-nez yake, mumuulize mara mbili. Mara ya kwanza atasema: "Niko bien." Ku mara ya pili ndipo mutu anasema kweli.

Wachimbaji wa mukono na wenye kilio

Hatuwezi kuandika juu ya mugodi na kusahau wale wenye hawana site ya kufungiwa, hawana mushahara, hawana infirmerie. Wachimbaji wa mukono, wenye kuosha mawe, mama wenye kuuza bukari ku mulango wa kariere, watoto wa teksi-moto. Kwao, kukaa ku nyumba siku mbili ni kulala njaa siku mbili. Wao walisema wazi: "Njaa itatuua mbele ya corona." Woga wao hautaisha kwa kuambiwa "jikingeni". Mai safi ku kariere na mahali pa kunawa, hiyo ndiyo lugha yenye wataelewa. Na ingekuwa haki wanunuzi wa mawe, wenye kupata faida kila siku, wawe wa kwanza kuleta ndoo na sabuni.

Kuko pia wale wenye walipoteza mutu mu miezi ile ya 2020. Amri ilisema hakuna kilio mu nyumba wala mu sale; mwili unatoka ku morgue, unaenda moja kwa moja ku makaburi, na watu kidogo. Tunaelewa sababu yake. Lakini kwetu, kilio ndiyo namna yetu ya kubeba mutu mwenye kufiwa: watu wanalala na yeye, wanapika, wanaimba, wanamusemesha mpaka machozi yanapunguka. Mwenye kufiwa mu mwaka ule alirudia mu nyumba yenye kimya. Na baba mwenye alikuwa mu site, mwenye hakuzika mama yake, anabeba nini mu roho yake?

Tusiwaache watu hawa. Kama hatuwezi kwenda mia moja, twende wawili wawili, tukae inje, tusimame mbali kidogo. Tutume chakula. Tumuite ku telefone siku ya tatu, siku ya saba, siku ya 40. Na sasa amri iliondoka, tuitishe watu, tutaje majina yao mbele ya jamaa yote. Kilio yenye kuchelewa ingali kilio.

Wakati wa kuomba musaada

Mambo haya yote inasaidia mutu mwenye mawazo ya kawaida. Kuko wakati haitoshe. Kama mutu hajalala vizuri wiki mbili, kama anasikia sauti zenye wengine hawasikie, kama amekataa kula, kama anapiga bibi ao watoto na mbele hakuwa vile, ao kama anasema afadhali afe: yule anahitaji munganga, sawa vile mutu mwenye kuvunjika muguu. Musimuache peke yake, na muondoe karibu yake kitu chenye kinaweza kumuumiza. Muanze ku kituo cha matunzo cha karibu. Hapa Lubumbashi kuko kituo cha Joseph Guislain, chenye kutunza magonjwa ya akili. Kuingia mule si haya. Haya ni kumufunga mutu kamba ku nyumba, ao kumupeleka kwa mwenye kujiita nabii, amufungishe siku saba bila chakula, na ugonjwa unaendelea. Mwenye imani aombe, na mugonjwa apelekwe ku dawa. Moja haikataze ingine.

Mu 2020 hakuna mutu mu inchi hii alijua corona itaisha tarehe gani, na hatuombe kampuni wala serikali watupe kile chenye hawana. Tunaomba watupe kile chenye wako nacho: tarehe ya kutoka, kiasi cha prime, hesabu ya wagonjwa, namba ya telefone. Kesho asubui, ku kila mugodi, watu watakusanyika tena kwa mukutano wa sekirite mbele ya kuingia kazi. Wataelezwa juu ya kofia, juu ya gari, juu ya mashimo. Mashefu waongeze dakika tano za habari ya kweli juu ya ugonjwa na juu ya siku ya kurudi ku nyumba. Na usiku, ku telefone, kila mumoja wetu aongeze dakika tano zake.